Deni la Mgeni: Du Bois na Mji wa Berlin

Msomaji, vitabu vya safari ni vingi, na aghalabu huandikwa na watu waliofika mahali mara moja tu. Mgeni wa mara moja ana raha yake: hushangaa, huandika, akaenda zake. Akikosea hapana wa kumsuta, kwa maana yeye mwenyewe harudi tena kuyalinganisha maneno yake na mji wenyewe. Mgeni anayerudi baada ya miaka arobaini yu katika hali nyingine. Anayo miji miwili, mmoja wa kumbukumbu na mmoja ulio mbele ya macho yake, na kila neno analolinena juu ya huu linaupima ule.

Ni waandishi wachache waliojaribiwa kwa mtihani huu kama Mmarekani mweusi William Edward Burghardt Du Bois, aliyezaliwa mwaka 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, na kufariki dunia Accra, nchini Ghana, mwaka 1963. Alifika Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, akiwa kijana wa miaka 24. Akakaa huko tena akiwa na miaka 68, na akapokewa huko tena akiwa mzee wa miaka 90. Nyakati hizo tatu zimo katika maandishi yake, nami nataka tuzitazame pamoja. Sikusudii kumsifu, kwa kuwa sifa anazo tele, wala sikusudii kumshtaki. Nataka kuuliza swali moja tu: mtu anayedaiwa wema na mji, aweza kuuona mji huo sawasawa?

Ili kulielewa deni lenyewe, yafaa kwanza ujue kijana huyu alitoka wapi. Mwaka 1892, mwaka uleule aliovuka bahari, zaidi ya watu weusi 150 waliuawa nchini Marekani na magenge ya wazungu bila ya hukumu ya mahakama. Du Bois alikuwa amesoma Fisk, chuo cha watu weusi katika jimbo la Tennessee, kisha Harvard. Huko Harvard alisoma na wazungu darasani, na baada ya darasa kila mtu alishika njia yake. Fedha za kwendea Ulaya alizipata kutoka mfuko wa Slater, nusu zawadi na nusu mkopo, baada ya kumwandikia barua kali msimamizi wa mfuko huo, Rutherford B. Hayes, aliyewahi kuwa rais wa Marekani. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya fedha alifika Ujerumani akiwa mdaiwa. Lakini deni nilisemalo mimi si hilo.

Kabla ya kuingia Berlin alikaa kwa muda Eisenach, katika nyumba ya familia moja ya Kijerumani. Walimkalisha mezani pao. Alitembea milimani pamoja na vijana wa mji, akacheza dansi nao, na binti wa nyumba ile akawa tayari kuolewa naye. Du Bois ndiye aliyekataa, akifikiri maisha yatakayompata binti huyo Marekani. Kisha akaenda Berlin, akaandikishwa katika chuo kikuu kilichoko barabara ya Unter den Linden. Profesa Gustav Schmoller alimpokea katika semina yake. Adolph Wagner alimfundisha uchumi. Jioni alinunua viti vya bei nafuu katika majumba ya muziki na michezo ya kuigiza. Usiku alipotimiza miaka 25, Februari 1893, aliwasha mishumaa chumbani mwake peke yake, akaandika katika daftari yake kwamba atayatoa maisha yake kwa ajili ya kuwainua watu wake. Kurasa hizo za daftari zina majivuno ya ujana, na msomaji wa leo huenda akatabasamu. Asicheke sana lakini, maana kijana huyo alikuja kutimiza sehemu kubwa ya alivyoahidi.

Hilo ndilo deni. Katika mji wa Berlin, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima, Du Bois aliamka asubuhi bila ya kujitayarisha kutukanwa. Usilidharau jambo hilo. Aliyezaliwa huru hawezi kukadiria uzito wa asubuhi kama hiyo, na kila mara Du Bois anapoisimulia, katika *Darkwater* cha mwaka 1920, katika *Dusk of Dawn* cha mwaka 1940, na katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kufa kwake, lugha yake hulainika. Mwandishi huyu ambaye kalamu yake ilikuwa kali kama wembe huanza kuandika kama mtu anayekumbuka nyumba ya nyanya yake. Anatueleza hata kwamba alikata ndevu zake kwa mtindo wa Kaisari Wilhelm wa Pili, na kwamba alipomwona mfalme huyo akipita na askari wake, damu ilimchemka kwa fahari.

Hapa ndipo nianzapo kumkatiza. Ndani ya kurasa hizo zilizojaa shukrani kuna kisa kimoja kifupi ambacho yeye hakipi nafasi kubwa, nami naona kingestahili sura nzima. Miongoni mwa walimu wa chuo kile alikuwako mwanahistoria mashuhuri Heinrich von Treitschke, mzee kiziwi, mwenye sauti ya ajabu na wafuasi wengi. Siku moja katika mhadhara alianza kuzungumzia Marekani, na ghafula akanena kwa ukali kwamba machotara ni watu duni, na kwamba wao wenyewe hujihisi duni. Du Bois, ambaye ni machotara, alikaa pale kama mtu anayeelekezewa kidole, ingawa yamkini Treitschke hakujua kabisa kwamba yumo ukumbini. Kisa kinasimuliwa kwa utulivu, karibu kwa mzaha. Mara tukasonga mbele, kwenye safari za likizo na kwenye muziki.

Sasa fikiri. Treitschke huyuhuyu mwaka 1879 alikuwa ameandika makala iliyokuwa na sentensi moja fupi ya kuwaita Wayahudi balaa la Wajerumani. Zaidi ya miaka arobaini baadaye sentensi hiyo ilichukuliwa na gazeti la Wanazi, *Der Stürmer*, ikachapishwa chini ya ukurasa wake wa kwanza, toleo baada ya toleo. Kwa hiyo Du Bois alikuwa ameketi mbele ya kisima hasa, na maji yake aliyaonja siku ile, lakini ladha aliyotutolea habari zake ni ya mkate wa Eisenach. Simlaumu kijana kwa kutojua yajayo, hakuna ajuaye. Ninalosema ni kwamba mji wa 1936 ulikuwamo ndani ya mji wa 1892, na shukrani ndiyo iliyoufunika.

Na si Wayahudi tu. Kutoka chuo kikuu hadi Wilhelmstrasse ni mwendo wa miguu usio mrefu. Katika barabara hiyo, nyumbani kwa Kansela Bismarck, wajumbe wa mataifa walikuwa wamekutana kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 kupanga masharti ya kuigawanya Afrika, wala Mwafrika hata mmoja hakuitwa mezani. Kesho yake baada ya mkutano kufungwa, serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Karl Peters juu ya nchi zilizoko bara ya pwani yetu, ambazo leo ni sehemu ya Tanzania. Du Bois aliingia Berlin miaka saba tu baada ya hayo. Tena alipohitimu Fisk mwaka 1888 alikuwa ametoa hotuba ya kumsifu Bismarck kama shujaa aliyeunganisha taifa lake!

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalipenda kulijua. Chini ya chuo kikuu hichohicho kilikuwako chuo cha lugha za mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1887, na humo Kiswahili kilifundishwa kwa Wajerumani waliotarajiwa kwenda kutawala Afrika ya Mashariki. Mwalimu wa kusemesha lugha kuanzia mwaka 1891 hadi 1895 alikuwa Amur bin Nasur kutoka Unguja, na habari alizoandika za maisha na safari yake zilichapishwa Berlin mwaka 1894 katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliotengenezwa na C. G. Büttner. Kwa hiyo mwaka uleule ambao Du Bois aliwasha mishumaa yake, katika mji uleule, Mswahili mmoja alikuwa akiwafundisha maofisa jinsi ya kuamrisha kwa lugha yake mwenyewe. Ufalme wa Kijerumani juu ya watu weusi haukuwa mbali na dirisha la Du Bois. Ulikuwa mlango wa pili.

Kwa haki yake ni lazima niseme kwamba Du Bois alilikiri jambo hili bila ya kuombwa. Katika *Dusk of Dawn* anaeleza kwamba siku zile hakuelewa hata kidogo maana ya kutapakaa kwa nguvu za Ulaya katika Afrika na Asia, na kwamba masomo yake ya historia hayakumfumbua macho. Sisi walimu tunapaswa kuisoma sentensi hiyo kwa masikio wazi. Kijana mwerevu kuliko wote, aliyesoma katika vyuo vitatu vikubwa, alifundishwa historia ya nchi iliyokuwa ikila bara la babu zake, wala hakuambiwa.

Tuje kwenye safari ya 1936. Du Bois alirudi Ujerumani kwa msaada wa mfuko wa Oberlaender, akikusudia kuchunguza elimu ya ufundi, akakaa karibu miezi mitano. Hitler alikuwa ametawala tangu Januari 1933. Mei mwaka huo wanafunzi walikuwa wamechoma vitabu katika uwanja unaotazamana na chuo kikuu chake cha zamani. Sheria za Nuremberg za Septemba 1935 zilikuwa zimewavua Wayahudi uraia kamili na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Lakini majira ya joto ya 1936 yalikuwa majira ya Michezo ya Olimpiki. Mabango ya kuwatusi Wayahudi yaliondolewa barabarani kwa muda, mji ukapambwa, na Mmarekani mweusi Jesse Owens akashangiliwa uwanjani kwa medali zake nne za dhahabu. Ulikuwa wakati mzuri wa kumdanganya mgeni.

Naye mgeni huyu alikuwa na safu yake katika gazeti la watu weusi, *Pittsburgh Courier*, akipeleka makala kila wiki. Kwa miezi kadhaa makala hizo zilizungumzia mambo ya salama: viwanda, shule, barabara, na muziki wa Wagner aliousikiliza Bayreuth. Baadhi ya wasomaji wa leo humcheka kwa ile makala ya Wagner, mimi siicheki. Alikuwa akiwaambia watu walionyimwa kila kitu kwamba hata opera ni haki yao, na mwenye njaa ya mkate anaweza pia kuwa na njaa ya muziki. Walakini makala iliyongojewa haikuja. Ilikuja Desemba, yeye akiwa ameshaondoka Ujerumani, na ndani yake alieleza sababu: haikuwa salama kuandika zaidi, na hata barua aliyotumiwa na mkewe ilifunguliwa.

Makala hizo za Desemba 1936 ndizo sehemu bora ya habari zake za Berlin, nami nitakueleza kwa nini. Du Bois anaanza kwa kulipa deni. Anasema waziwazi kwamba yeye mwenyewe hakutendewa uovu wowote, na kwamba asingeweza kukaa muda kama huo katika sehemu yoyote ya Marekani bila ya kutukanwa. Mwandishi dhaifu angekomea hapo. Angesema: mimi nilitendewa vizuri, basi watu hawa ni wema. Mwandishi dhaifu wa namna ya pili angelificha jambo hilo ili hoja yake ya kuwalaani Wanazi iwe nyepesi kubeba. Du Bois hafanyi hili wala lile. Anatamka kwamba alitendewa kwa adabu, na papo hapo anatamka kwamba mateso wanayofanyiwa Wayahudi yanapita kwa ukatili wa makusudi kila alichopata kukiona, naye alikuwa ameona mengi. Mfano wake akautafuta katika biashara ya watumwa wa Afrika na katika mahakama za dini za Hispania ya kale.

Angalia, msomaji, ugumu wa kauli hizo mbili kukaa mahali pamoja. Mtu mweusi anakiri kwamba wale wanaomtesa jirani yake wanamsalimu yeye kwa heshima. Hapo salamu yenyewe inakuwa kitu cha kutisha. Nasi tunaanza kuelewa kwamba ubaguzi si maradhi ya rangi fulani kuichukia rangi fulani. Ni chombo, na mwenye chombo humchagua wa kumpiga nacho kwa kadiri ya haja zake za wakati huo.

Je, alikosea kungoja mpaka aondoke? Wako wanaosema ndiyo. Mimi naona alitenda kama mwandishi mwenye akili: maneno yaliyotolewa gerezani hayamfikii msomaji. Lawama yangu ni nyingine. Anapotafuta sababu za unazi huzitafuta zaidi katika mambo ya karibu: kushindwa vitani mwaka 1918, mkataba wa Versailles, fedha iliyopoteza thamani, ukosefu wa kazi. Zote ni kweli. Lakini mzee huyu alikuwa shahidi wa ukumbi wa Treitschke! Ni Wamarekani wachache walioweza kusema, kama yeye, kwamba mbegu niliiona ikipandwa na profesa mwenye heshima mbele ya vijana waliovaa vizuri. Ushuhuda huo hakuutia uzito uliostahili, kwa maoni yangu. Msomaji anayeziweka kurasa za 1892 na za 1936 bega kwa bega huupata mwenyewe. Mwandishi hakumsaidia sana.

Juu ya safari ya 1958 nitasema machache, kwa sababu na maandishi yenyewe ni hafifu. Ni lazima kwanza nikumbushe kwamba mwaka 1894 Du Bois alitoka Berlin bila ya shahada. Chuo kilidai vipindi vya masomo zaidi ya vile alivyokuwa amekaa. Walimu wake walimwombea ruhusa asubiriwe kidogo tu, haikupatikana. Na mfuko wa Slater ukakataa kumlipia mwaka wa tatu. Akarudi kwao katika daraja la chini kabisa la meli, na mwaka 1895 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa Harvard. Miaka 64 baada ya kuondoka, chuo kilekile, ambacho sasa kilikuwa upande wa mashariki wa mji uliogawanyika na kimeitwa kwa jina la Humboldt tangu 1949, kilimvisha shahada ya heshima. Hebu fikiri furaha ya mzee huyo wa miaka tisini. Nchini kwake alikuwa ameshtakiwa mwaka 1951 kwamba ni wakala wa dola ya kigeni, akatiwa pingu, akaachiliwa na mahakama kwa kukosekana ushahidi, kisha akanyimwa hati ya kusafiria mpaka mwaka 1958. Nchi yake ilimfungia mlango. Berlin ikamfungulia na kumwandalia karamu.

Basi deni likawa mara mbili, na safari hii likamshinda. Tawasifu yake inaanza kwa safari hiyo ya uzeeni katika nchi za kikomunisti, kabla hata ya kutusimulia utoto wake, na karibu yote ni sifa. Tunajua yaliyokuwako Berlin ya Mashariki. Mnamo Juni 1953 wafanyakazi walipogoma na kuandamana, walikandamizwa kwa vifaru. Kati ya mwaka 1949 na 1961 zaidi ya watu milioni mbili waliiacha nchi ile, mpaka watawala wakajenga ukuta katikati ya mji mnamo Agosti 1961, ukasimama mpaka Novemba 1989. Ukuta ulikuwa haujajengwa alipokuja Du Bois, lakini watu walikuwa tayari wanaondoka, na mtu aliyeandika makala za 1936 alikuwa na macho ya kuuliza kwa nini. Mwaka 1936 alisema: nilikirimiwa, lakini. Mwaka 1958 lile neno "lakini" limepotea. Wanaomtetea husema alikuwa mzee, amechoka, ametendewa vibaya kwao. Hayo yote ni kweli, na moyo wangu u pamoja naye. Lakini msomaji hasomi moyo, husoma ukurasa.

Ingekuwa hadithi ya huzuni kama ingeishia hapo, ya mwandishi ambaye shukrani ilimfumba macho akiwa kijana, ikamfumbua kidogo, ikamfumba tena. Kwa bahati njema iko insha moja fupi ambayo sijaitaja, nayo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ili kuifikia ni lazima tutoke Berlin kwa muda na kwenda mashariki, Polandi, katika mji mkuu mwingine wa kale, Warsaw.

Mwaka 1949 Du Bois aliiona Warsaw ikiwa kifusi. Wayahudi wa mji huo walikuwa wamezungushiwa ukuta na Wajerumani tangu mwaka 1940. Wengi wakafa njaa, wengi zaidi wakapelekwa kuuawa. Na Aprili 1943 waliobaki wakachukua silaha chache walizozipata na kupigana karibu mwezi mzima, mpaka mtaa wao ukabomolewa nyumba baada ya nyumba. Mwaka uliofuata, baada ya wenyeji wengine wa mji nao kuinuka, Wajerumani waliuharibu mji wenyewe. Du Bois alisimama mbele ya mabaki hayo, na mwaka 1952 akatoa hotuba New York kuwakumbuka wapiganaji wa mtaa ule. Hotuba hiyo ikachapishwa katika jarida la *Jewish Life*.

Ajabu ya insha hii ni kwamba haianzi Warsaw. Inaanza Berlin, katika ule mji wa ujana tulioutazama, lakini safari hii Du Bois anauingia kwa mlango ambao hakuwa ameutumia sana. Anamkumbuka mwanafunzi mwenziwe, Mpolandi aitwaye Stanisław Estreicher. Walikuwa wakizungumza habari za ubaguzi, na Du Bois, kama ilivyo kawaida ya aliyeumia, alidhani hakuna ajuaye maumivu hayo ila yeye. Estreicher akamwambia aje kwao Kraków aone. Akaenda wakati wa likizo, akaona jinsi Wapolandi walivyodharauliwa katika nchi yao. Katika safari hizohizo alifika usiku katika mji mdogo wa Galicia, na mwenye gari la farasi, baada ya kumtazama uso, akamwuliza kama angependa kulala kwa Wayahudi. Hakuelewa maana ya swali lile, akajibu ndiyo, akapelekwa katika nyumba ndogo ya wageni katika kichochoro.

Swali hilo la mwenye gari lilikaa miaka karibu sitini kabla ya kujibiwa. Kijana wa 1893 aliliona kama kioja cha safari. Mzee aliyetoka katika kifusi cha Warsaw analiona upya: yule mtu alimtazama ngozi, akamhesabu miongoni mwa waliotengwa, na waliotengwa mahali pale waliitwa Wayahudi. Hapo Du Bois anatamka neno ambalo hakulipata katika kurasa zote za sifa, kwamba tatizo la watu weusi wa Marekani alikuwa amelitazama kama kitu cha pekee duniani, jambo la rangi tu, na kwamba Warsaw ilimtoa katika ufinyu huo. Hasemi kwamba sasa anawaelewa Wayahudi kuliko zamani. Anasema anawaelewa watu wake mwenyewe vizuri zaidi. Nimeisoma insha hii mara nyingi, na kila mara mahali hapa hunisimamisha.

Linganisha lugha yake na ile ya kumbukumbu za Eisenach. Hapa hakuna ulaini. Sentensi ni fupi, mambo ni machache, na kila moja limeletwa kwa kazi yake. Wema wa Berlin haukanushwi, kwa kuwa bila ya ule ukumbi wa chuo asingekutana na Estreicher. Tofauti ni kwamba safari hii shukrani yake haiendi kwa mji, kwa Kaisari wala kwa serikali yoyote. Inamwendea mtu mmoja, rafiki, aliyemwambia ukweli usiopendeza. Deni la namna hiyo halimfumbi mtu macho.

Ni insha ya kurasa chache tu, nayo ningependa uisome kabla ya vitabu vyake vikubwa. Ukiisoma, usilipite upesi jina la Estreicher. Alirudi kwao akawa profesa wa sheria na mwanahistoria katika chuo kikuu cha Kraków. Wajerumani walipoiteka Polandi mwaka 1939 alikataa kuwa kibaraka katika serikali waliyotaka kuiunda. Novemba mwaka huo walimu wa chuo kile waliitwa ukumbini kusikiliza mhadhara, wakakamatwa wote kwa pamoja, naye akiwamo, akafa Desemba katika kambi ya Sachsenhausen. Kambi hiyo iko Oranienburg, kaskazini ya Berlin. Kwa treni ni safari isiyotimia saa moja kutoka katika mji ule ambamo wanafunzi wawili, mmoja Mpolandi na mmoja mweusi, walikuwa wakibishana ni nani aliyeonewa zaidi.